Kwa Somoe, Anayeanza na Msingi

Nkowe, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Somoe,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, wala bibi yako, wala wewe mwenyewe. Kila uliponiita mama mbele za watu, nikakunja uso na kukuambia uache utani, moyoni nilikuwa nafurahi. Nilikunja uso ili usijue. Nilidhani ukijua utaacha.

Nakuambia leo kwa sababu kesho alfajiri unapanda basi, na mtu aliyekwisha kupanda basi hawezi kurudi kunicheka.

Ukiisoma barua hii huko chuoni, wenzako watachungulia na kuuliza: mama gani huyu anayeandika kwenye karatasi za daftari la kidato cha tatu? Waeleze. Waambie kwamba mama yako mzazi alikuwa dada yangu Salma, mtoto wa kwanza wa bibi yako, na mimi ni kitinda mimba, na kati yetu yuko mjomba wako Issa. Wewe ulizaliwa kabla yangu. Kwetu mtoto wa dada yako ni mwanao, hata kama amekupita kimo na ndiye aliyekufundisha kufunga kamba za viatu. Dada Salma alipofariki, siku ya arobaini wazee walikaa wakauliza mtoto huyu sasa mama yake nani. Mjomba wako akaniwekea mkono kichwani. "Huyu hapa," akasema. Nilikuwa darasa la pili na nimeshika sahani ya pilau. Wewe ulikuwa darasa la tano. Jioni ile ile ulinitazama kwa muda, macho yamekuvimba, kisha ukasema, "Haya mama, kachote maji."

Nikaenda.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kula kwa wakati na kutomshikisha mtu simu kituoni. Hayo bibi yako ameyasema tangu juzi, mengine kwa Kiswahili, na yale ya muhimu kwa Kimwera. Mimi nakuandikia makosa yangu. Mama wengine wana mengi ya kuchagua. Mimi ninayo machache, ila nayajua vizuri.

Unakumbuka mahafali yako ya kidato cha nne. Mimi nilikuwa nimeanza kidato cha kwanza, na nilikuja na bibi yako nikiwa na sare na soksi zangu fupi. Mwalimu akashika kipaza sauti akaita wazazi mmoja mmoja wapite mbele wawavishe watoto wao mashada. Ilipofika zamu yako bibi yako akashika goti, akasema mguu unamuuma, mwende wenyewe. Ukaja kunivuta mkono kutoka benchi la nyuma. Mwalimu akatutazama.

"Tumesema mzazi," akasema kwenye kipaza sauti, "siyo mdogo wake."

Ukamjibu bila kupepesa: "Ndiye mzazi, mwalimu. Amechelewa tu kuzaliwa."

Watu wakaangua kicheko. Mama mmoja mwenye khanga ya njano akauliza kwa sauti, "Jamani, na huyu kanyonyesha saa ngapi?" Nikataka ardhi inimeze. Nikainua shada kukuvika, sikufika, ukainama. Njiani kurudi nilikununia hadi nyumbani, sikukujibu hata neno moja. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Ile ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na nikaimaliza kwa kununa.

La pili ni la mwaka huu. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka ulikwenda kuyaangalia kwenye simu ya dukani, ukarudi, ukapita nyuma ya jiko, ukaketi kwenye kinu kilicholazwa. Nikakufuata. Kiswahili ulikuwa umefaulu vizuri. Historia na Kiingereza vilikuangusha, na kwa alama zile usingeweza kuingia sheria moja kwa moja. Mimi hayo sikuyajua bado. Nilichosikia ni neno moja tu.

"Nimefeli," ukasema.

Nami, Mungu anisamehe, nikakuambia kufeli si Kiswahili kizuri, sema umeshindwa.

"Zainabu," ukasema, "toka."

Unaniita Zainabu pale tu ninapokuumiza kweli. Nikatoka, na badala ya kufikiri nilichosema, nikaingia ndani nikakuletea kamusi, nikaiweka karibu na mguu wako ikiwa imefunguliwa. Mtu analia, mimi namletea kamusi. Nilidhani nakusaidia. Maneno yananipa mimi utulivu, nikadhani yanampa kila mtu. Nilipaswa kukaa. Kukaa tu pale chini, kama mtu anayesubiri maji yachemke, hadi wewe mwenyewe uamue kusema au kutosema.

Ulipopata habari, kutoka kwa mwalimu wako wa zamani, kwamba ipo njia nyingine, kwamba kuna mahali unaweza kusomea shahada ya sheria kwa kuanza na mwaka mmoja wa maandalizi, na ukifaulu huo ndipo unaingia sheria yenyewe, hukuniambia. Uliomba kimyakimya. Sikulaumu. Ungeniambia, huenda ningekurekebishia barua ya maombi.

Sasa nafika kwenye kosa kubwa, lile ambalo Nkowe nzima inalijua.

Mjomba wako alikuwa amekuja kutoka Marambo kumsaidia bibi yako kuanza kuokota korosho. Ujumbe wa chuo ukaingia kwenye simu yako, wewe ukiwa jikoni, na kwa kuwa ulikuwa wa Kiingereza, na kwa kuwa mimi hapa nyumbani ndiye mtu wa vitabu, bibi yako akasema Zainabu asome, atufahamishe. Mjomba wako akazima redio. Nikasimama. Unajua jinsi ninavyokuwa nikitakiwa kusema mbele ya watu, hata wakiwa wawili na wote wa nyumbani kwetu. Lakini nilikuwa na furaha, na nikataka nitafsiri vizuri, kwa Kiswahili safi, nisiache neno la Kizungu hata moja.

Nikasema, "Somoe amekubaliwa kusoma shahada ya sheria. Ataanza na mwaka wa msingi."

Mjomba wako akainua kichwa. "Msingi?"

"Ndiyo, msingi."

"Msingi huu huu?"

Nikaona ananiuliza kama nina uhakika wa tafsiri yangu. Nilikuwa na uhakika. "Ndiyo kaka. Msingi."

Akainuka kwenye mkeka. "Mtoto kamaliza kidato cha sita, kabeba vyeti, halafu wanamrudisha msingi? Akakae na watoto wa darasa la kwanza? Hao matapeli! Wamekwisha kuona watu wa huku hatujui kitu!"

Bibi yako akashika shavu. "Sasa atavaa tena ile sketi ya bluu?" akauliza. "Na miguu yake ilivyo mirefu?"

Ungekuwa wewe unamsikiliza mtu mwingine ungecheka hadi ukae chini. Lakini ulikuwa umesimama mlangoni na mwiko mkononi, umesikia yote. Nilikutazama nikingoja useme. Wewe ndiye mwenye maneno nyumba hii. Kumbe nawe ulikuwa unanitazama mimi, ukingoja niseme. Sentensi moja ingetosha: kaka, si shule ya msingi, ni chuo. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini mjomba wako alikuwa amekwisha kupaza sauti, na akipaza sauti mimi nakuwa darasa la pili tena. Nikakunja mikono nikanyamaza. Nawe ukarudi jikoni.

Asubuhi mjomba wako akaondoka zake Marambo, akisema hataki kusikia habari ya chuo hicho, na kwamba mtoto wa dada yake hachezewi. Ulijua maana yake. Kwetu mjomba akikataa, utakwenda, nani atakukamata, lakini utakwenda kama mtu aliyetoroka. Nawe hukutaka kutoroka.

Habari hukaa Nkowe kama moshi hukaa jikoni. Kesho yake tu kwenye bomba wachota maji wakaanza. "Somoe, sare umekwisha kushonesha?" "Dada, ukifika darasa la tatu utusalimie walimu." Siku nyingine ungewajibu hadi wao wenyewe waombe suluhu. Siku ile uliweka ndoo chini, ukaiacha, ukageuka. Mimi nilikuwa nyuma yako. Nikajifanya nafunga mkanda wa ndara. Ndara hazina mkanda, mwanangu. Nilikuwa nimeinama tu.

Usiku nikakuuliza utathibitisha lini nafasi yako, maana ujumbe ulisema muda una mwisho.

"Siendi," ukasema.

"Kwa nini?"

"Mama yangu mwenyewe kasema ni msingi. Basi ni msingi."

"Nilitafsiri tu."

"Ndiyo," ukasema. "Ulitafsiri vizuri mno."

Ukageukia ukutani. Hukuniita Zainabu wala mama.

Siku zile nilikuwa nakwenda shule na kurudi na sikumbuki tulifundishwa nini. Nilichokuwa nakifikiria ni bibi yako na lile baraza la ardhi. Tulikuwa wadogo, ila nadhani ndipo hii sheria yako ilipoanzia. Jirani alitaka mpaka usogezwe, na mikorosho ya pembeni ihesabiwe upande wake. Mbele ya watu wote akaulizwa bibi yako, kwa Kiswahili kile kikubwa, "Mama, unaridhia mpaka huu?" Naye, ambaye Kiswahili alikipata sokoni akiwa mtu mzima, akasikia kwamba anaulizwa kama anarithi. Akajibu kwa nguvu na kwa fahari, "Ndiyo! Nalithi! La mama yangu hili!" Wakaandika kwamba ameridhia. Mpaka ukasogezwa. Hakuna aliyedanganya pale, na hakuna aliyeuliza mara ya pili. Tukarudi naye nyumbani akiwa na furaha, anajua ameshinda, hadi siku alipokuta wenzake wanaokota korosho chini ya miti yake.

Ulikuwa mdogo lakini ulisema, "Nitakwenda kusomea kule kule maneno yanakotoka."

Na mimi, niliyekuwapo, niliyelia na bibi yako, miaka baadaye nikamfanyia mjomba wako jambo lile lile. Nilimpa neno, nikaona halikumfikia, nikalirudia. Yeye aliuliza mara mbili! Bibi yako hata hakupata nafasi ya kuuliza. Mwanangu, huko unakokwenda utasoma maneno mengi kuliko mimi. Sina la kukufundisha juu yake isipokuwa hili moja, nililolipata kwa aibu: mtu akikuuliza neno lile lile mara mbili, usimrudishie neno lile lile. Tafuta lingine.

Jumamosi nikamwambia bibi yako nakwenda Nachingwea kutafuta kitabu. Sijui kama aliamini. Alinifungia mihogo ya kuchemsha, na kwa kitabu cha Nachingwea mihogo ile ilikuwa mingi. Nikapanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba, ina utangulizi, ina kiini, ina hitimisho, kama insha. Dereva akaniuliza, "Dogo, unasali?" Midomo ilikuwa inatembea. Nikasema ndiyo, na kidogo ilikuwa kweli.

Nilimkuta mjomba wako uani kwake Marambo anageuza korosho juani kwa mguu. Wifi yangu, mkewe, alikuwa anapepeta ufuta.

"Umekuja na nani?" akauliza.

"Peke yangu."

"Mama anajua?"

"Anajua nimekwenda Nachingwea."

"Nachingwea ni kubwa, hata hapa ni Nachingwea," akasema, lakini akanisogezea kigoda.

Utangulizi ukanipotea. Nikaanza katikati. "Kaka, mimi ndiye niliyekosea. Siyo shule ya msingi. Ni chuo, chuo chenyewe, watu wazima watupu. Wale ambao alama zao zimepungua kidogo wanafundishwa kwanza mwaka mmoja, wakifaulu wanaingia kwenye sheria. Mwaka huo ndio nilioutafsiri msingi. Nilimaanisha msingi wa… wa kujengea."

"Msingi wa nyumba."

"Ndiyo."

Akageuza kichwa polepole kutazama upande wa mgomba, na mimi nikatazama anakotazama, na hapo nikatamani ningebaki kimya maisha yangu yote. Umesahau, Somoe, na mimi nilisahau. Ule msingi wake. Aliujenga alipooa, vyumba vinne na ukumbi, na haujapanda hata tofali moja tangu siku ile. Majani yameota vyumbani, na mbuzi wanalala kwenye ukumbi.

"Basi hiyo ni mbaya zaidi," akasema. "Shule ya msingi mtu anaimaliza. Msingi wa nyumba mimi naujua. Unaweza kuuangalia hadi uzeeke."

Wifi akasema bila kuinua macho kwenye ungo, "Mwulize ataupandisha mwaka gani."

"We mwanamke, tuna mgeni."

"Mgeni gani? Si dada yako?"

Nikacheka. Sikukusudia. Nilicheka na machozi yakatoka, na mjomba wako akanitazama kama anayeona mtu ambaye hakumtarajia. Kisha akaniuliza lile ambalo halikuwamo katika hotuba yangu, wala katika kiini wala katika hitimisho.

"Na akishindwa huo mwaka?"

Hakuuliza kwa hasira. Nadhani ndilo alilokuwa analiuliza tangu siku ya mkeka, kelele zote zile zilikuwa hilo tu. Dada Salma alikuwa mkubwa wake. Kwake ni wewe tu uliyebaki wa dada yake. Aliogopa kukuona unaanguka tena mbali, mahali ambapo hakuna mtu wetu wa kukuinua.

Nikasema, "Akishindwa atarudi nyumbani, na mimi nitampokea. Mimi ndiye mama yake."

Sijawahi kulisema kwa mdomo wangu kabla ya hapo. Wengine wote walilisema, wewe ulilisema kwa utani na kwa kweli, wazee walilisema, mimi kamwe. Lilitoka kama kitu cha kawaida. Mbuzi hawakuinuka.

Mjomba wako akaacha kugeuza korosho. "Siku ile ulikuwa wapi kusema hivi?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe, kaka. Unapiga kelele."

"Mimi?" akasema. "Mimi napiga kelele? Lini nimepiga kelele?" Na hapo ndipo mbuzi walipoinuka, wote, wakakimbilia kwenye majani. Wifi akaweka ungo chini ili acheke vizuri. Mwishowe na yeye mwenyewe akacheka, akaketi juu ya gunia.

"Hilo neno lenyewe la Kizungu ni lipi?" akauliza baadaye, tulipokuwa tunakula mihogo ya bibi yako.

"Faundesheni."

Akalijaribu mdomoni. "Faundesheni. Sasa ungesema hivyo tangu mwanzo, si yangekwisha? Watu wakisikia faundesheni hawaulizi." Akanipa simu yake. "Mwambie athibitishe. Na nikija Nkowe nitasema mwenyewe mbele ya mama, asifikiri nimetumwa na mtoto."

Yaliyofuata unayajua. Unajua jinsi alivyokuja na kusimama pale bombani mahali wanapochota maji, mtu mzima asiye na ndoo, akauliza kila aliyepita kama amesikia kwamba mpwa wake anakwenda faundesheni. Wale wale waliokuuliza habari za sare wakasema hongera. Mmoja akauliza faundesheni iko mkoa gani. Nawe ulirudi kucheka, na siku ile ile ukaniita mama kutoka upande wa pili wa barabara, kwa sauti ya kufika Ruangwa.

Lakini yale niliyoyasema Marambo hukuyajua, kwa maana mjomba wako hakuyasimulia, na mimi nilikuambia tu kwamba amekubali. Nilikuwa nayatunza kwa leo. Nataka uende nayo. Watu wote wanaokuaga wanakuambia usirudi nyuma, ufanye bidii, usituangushe, sisi sote tunakutegemea. Wanakutakia mema. Mimi nilikuona siku ya kinu, na najua maneno hayo yana uzito gani mtu akiwa ameketi nayo peke yake. Kwa hiyo mimi nakuambia kinyume. Ukiweza, vizuri. Ukishindwa mwaka huo, rudi. Nitakaa nawe nyuma ya jiko na sitakurekebisha neno hata moja. Hutakuwa umemwangusha mama yako, kwa sababu mama yako ameshasema hivyo mbele ya mjomba wako, na mjomba wako amesikia.

Sisemi hivi kwa sababu nadhani utashindwa. Nikikusikia ukibishana na bibi yako juu ya chumvi nawahurumia mawakili wote wa nchi hii. Na nakuambia ukweli, mimi naupenda huo mwaka wako wa mwanzo kuliko hiyo mingine. Walioingia moja kwa moja wanaona haya kuuliza, kwa maana wanatakiwa wawe wanajua. Nyinyi mmepelekwa mahali ambapo kutojua ndiyo sababu ya kuwapo. Uliza, Somoe. Uliza hadi wakuchoke. Kiingereza kitakuja. Kilinijia mimi, na mimi siwezi hata kumwambia muuza duka kwamba chenji imepungua.

Tangu mjomba wako alipokuja Nkowe nimekuwa mwepesi, hadi najishangaa. Natembea kwenda shule nahisi kama nimetua mzigo wa kuni. Nilidhani leo nitakuwa na huzuni. Nimeitafuta. Ipo, kidogo, kama chumvi iliyobaki chini ya kopo. Lakini nyingine yote ni afueni. Unakwenda. Unakwenda ukijulikana, umeagwa, mjomba wako ndiye atakayekupeleka Ruangwa kwenye basi kwa pikipiki yake, na bibi yako amekwisha kumwuliza mara tatu kama breki ziko sawa.

Nami nimejua jambo moja juu yangu ambalo sikulijua. Kwamba naweza kusema. Vibaya, kuanzia katikati, na machozi, lakini naweza. Nilikuwa nadhani mama mzuri ni yule mwenye maneno yaliyopangika, kama yale ya vitabuni, na kwa kuwa sina nikawa nanyamaza na kusubiri nikue. Miaka yote hiyo nilikusubirisha. Wewe uliendelea kuniita tu, kama mtu anayebisha hodi mahali anapojua watu wapo ndani. Asante kwa hilo. Sijui kama kuna mama mwingine ambaye mtoto wake alimlea hadi akawa mama.

Mwanga unapungua na bibi yako anauliza naandika nini hadi mkono umeingia wino. Nimemwambia ni kazi ya shule. Amesema kazi ya shule haichekeshi.

Nenda salama, mwanangu. Usome, na ucheke.

Mama yako,
Zainabu

Naongeza haya kabla ya alfajiri, hujaamka bado. Jana nilipomaliza kuandika niliikunja barua nikaitia ndani ya kiatu chako cha kulia, kile cha kuvaa chuoni, kwa maana begi bibi yako alikuwa analipekua kila mara kuongeza kitu. Kisha nikamsaidia kukaanga korosho zako, nikazimenya zile zilizoungua nikazila mwenyewe. Mjomba wako alikuwa amekwisha kulala ukumbini. Nikafunga mlango, nikazima taa, nikaingia chumbani. Ulikuwa umelala katikati ya kitanda, miguu yote miwili upande wangu. Nikakusukuma taratibu kuelekea ukutani, nikajifunika, nikalala.